Kadi 312 juu ya mkeka

Usiku mmoja nilitafuta sentensi moja kwa saa mbili na nusu. Nilijua ninayo. Nilikumbuka hata aliyeisema: bibi mmoja wa nje kidogo ya Muheza, ameketi kwenye kigoda, anachambua mchicha, akaniambia bila kuinua macho kwamba kipande cha mumewe, ile kadi yake ya kazi, ndicho kilichokuwa kalenda ya nyumba yao. Sasa sentensi yenyewe iko wapi? Daftari la kwanza? La tatu? Au imo kwenye simu, miongoni mwa zile rekodi zinazojiita "Sauti 0014", "Sauti 0015"? Umeme ukakatika. Nikaendelea kwa tochi ya simu mpaka simu nayo ikazima, nikalala na hasira zangu.

Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari huku Korogwe. Babu yangu mzaa baba alifika mkoa wa Tanga akiwa manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, na mashamba ya mkonge ndiyo yaliyotuzaa sisi wote. Nilitaka kuandika kijitabu cha shamba moja tu, kama kurasa 80, kabla wazee waliolifanyia kazi hawajaisha. Kwa mwaka mzima nilikuwa napanda bodaboda kila Jumamosi kwenda kuwasikiliza. Nikajikuta na kaunta buku tatu zilizojaa, rekodi za saa 19, picha za makaratasi ya zamani, na andiko la kwanza la kurasa 41 lililonichosha hata mimi niliyeliandika.

Kosa la andiko lile lilianzia kwenye mpangilio wake. Darasani tunafundisha utangulizi, kiini na hitimisho, na kwa insha ya mtihani inatosha kabisa. Mtoto ana hoja sita kichwani na saa inakimbia. Nami nikachukua mazoea hayohayo, nikayavika nguo za kihistoria. Sura ya kwanza 1893, mwaka ambao Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Sura ya pili reli, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893 na kufika hapa Korogwe 1902. Kisha vita, Mwingereza, Uhuru, Azimio la Arusha la 1967 na mashamba kutaifishwa, halafu kamba za nailoni na bei kuanguka. Sura saba, zimekaa vizuri kama madawati ya siku ya ukaguzi.

Tatizo ni kwamba wazee hawasemi kwa miaka. Mzee mmoja alinieleza habari ya mnyapara mkali, nikamuuliza ilikuwa mwaka gani, akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, ilikuwa kabla ya toroli kupinduka." Toroli ilipinduka lini? Hakuna anayejua, ila kila mtu anakumbuka ilipinduka. Nikawa nabahatisha: hii naitia sura ya nne, ile ya tano. Habari ya kipande nikajikuta nimeieleza mara tano, kila sura kidogo, kila mara kana kwamba msomaji hajawahi kuisikia. Sura ya kwanza nayo haikuwa na sauti hata moja ya mtu niliyemhoji. Ilikuwa Hindorf na miche yake, mambo ambayo yeyote angeyasoma kwingine.

Asubuhi baada ya usiku ule wa tochi, nilinunua manila nne dukani, nikazikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila jambo moja, kadi moja. Juu kulia neno kuu. Katikati jambo lenyewe kwa sentensi moja au mbili, na kama maneno ya mzee ni matamu, nayanukuu kama alivyoyasema. Chini kushoto anwani: D2/61 ni daftari la pili ukurasa wa 61, R7/23 ni rekodi ya saba dakika ya 23. Hiyo anwani ndiyo iliyoniponya ule ugonjwa wa kutafuta usiku. Kadi isiyo na anwani niliichana, hata kama ilikuwa nzuri. Nilichana kadi nne hivi kwa uchungu.

Neno kuu ndilo lililonitoa jasho. Kadi za mwanzo niliziandika kama afisa wa mradi: Uchumi. Jamii. Utamaduni. Afya. Changamoto. Hasa hiyo Changamoto. Nilipozihesabu baada ya wiki tatu, kadi 97 zilikuwa chini yake. Nikazitandaza. Moja inasema juu ya nyoka waliojificha kwenye mashina ya mkonge. Nyingine juu ya karani aliyepunguza hesabu ya mafungu. Nyingine juu ya mke aliyeondoka na fundi wa reli. Nyingine juu ya utomvu wa jani unaowasha ngozi. Ukiniuliza nyoka, karani na fundi wa reli wana uhusiano gani, jibu langu ni kwamba nilikuwa mvivu siku zote tatu. Neno linalopokea kila kitu halina kazi ya kufanya mezani kwa mwandishi.

Nikaanza upya kwa kanuni moja: neno kuu lazima liwe limetoka kinywani mwa mtu niliyemhoji. Kama hakuna mzee aliyewahi kulitamka, halipandi juu ya kadi. Uchumi ukafa palepale. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia uchumi. Waliniambia posho, ule unga uliotolewa kambini, na waliniambia kipande. Utamaduni ukafa, ikabaki ngoma ya Jumamosi. Nikabaki na maneno 23: manamba, kipande, posho, kambi, mnyapara, karani, fungu, toroli, korona, kuanika, brashi, robota, na mengine ya namna hiyo. Kila moja lilikuwa na mlango wake, unajua kinachoingia na kisichoingia. Kadi iliruhusiwa maneno mawili, la kwanza nyumba yake, la pili jirani yake. La tatu nilijikataza, maana nikishaanza kutoa ruhusa nitarudi kwenye gunia la Changamoto.

Nieleze kidogo kipande, kwa vijana. Ilikuwa kadi ya kazi yenye siku 30. Si siku 30 za kalenda, ni siku 30 ulizofanya kazi na ukamaliza kazi uliyopangiwa. Usipokwenda, au ukienda usimalize, siku haihesabiwi. Kipande kikijaa ndipo unalipwa. Kwa hiyo mwezi wa mtu mmoja ulikuwa wiki tano na wa jirani yake wiki saba, kila mmoja na tarehe yake ya mshahara. Ukilijua hilo unaelewa yule bibi wa mchicha alikuwa anasema nini. Na manamba ni namba tu. Mtu aliandikwa kwao, Kigoma au Songea au kwingineko, akapewa namba, akasafirishwa. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa Silabu, na wazee wengine hadi leo husema "nilikuja na Silabu" kama anayetaja meli.

Kadi zilipofika mia mbili nikaona nizitie kwenye kompyuta ili nizitafute kwa haraka. Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kilinifundisha adabu. Nikaandika "kipande", kompyuta ikaniletea kadi 19. Nilikuwa najua ni zaidi. Zilizobaki zilikuwa "vipande". Nikaandika "pande", nikapata zote, pamoja na kila mahali mtu aliposema "upande wa Pangani" na "pande zote". Nikajaribu "kata", nikitaka habari za wakataji. Ikaja kukata, mkataji na wakataji, sawa. Na mkataba, na katani, na kukataa, na kata anayokaa diwani. Halafu yakaanza kuja mafuriko: akataka, tukatafuta, wakatafuna. Kila mzee aliyesimulia kwa -ka-, na nani husimulia bila -ka-, alikuwa ametegewa humo.

Wenzetu wa kamusi wamelikabili hili kwa namna mbili. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliyaweka maneno yaliyonyambuliwa chini ya shina la kitenzi, kwa hiyo mkataji unamkuta kwa kata. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya 1981, inamweka mkataji kwenye M. Ukitumia kadi za mkononi, njia ya Johnson ni tamu sana, kwa kuwa anayekata, kilichokatwa na kitendo chenyewe vinakaa nyumba moja. Kwenye kompyuta nilifanya ujanja mwingine. Kila neno kuu nililitangulizia alama ya nyota, *kukata, *kipande, daima kwa umbo hilohilo moja, hata kama mzee alisema vipande au tulikata. Nikitafuta na nyota yake napata kadi zake, sipati diwani.

Na korona. Korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge ili kutoa katani, na jengo lake pia ni korona. Wazee walilitaja neno hili kila dakika mbili. Rekodi kadhaa nilimpa kijana wa steshenari anichapie, kwa kuwa vidole vyangu ni vya chaki. Mzee mmoja alisimulia jinsi rafiki yake alivyopoteza mkono kwenye korona. Kijana, kwa nia njema kabisa, akanisahihishia: nikasoma kwamba mwaka 1958 mtu alikatwa mkono na UVIKO-19. Nilicheka mpaka wake za majirani wakachungulia. Kisha nikaacha kucheka, maana nilifikiria msomaji wa miaka ishirini akifungua kijitabu changu. Nikaandika kadi moja ya rangi tofauti kwa kila neno kuu, yenye maana yake kwa mstari mmoja. Kadi hizo 23 baadaye zikawa kurasa mbili za mwanzo za kijitabu, na ndizo watu wanazoniambia wamezisoma zote. Zilizobaki wanasema wanaendelea.

Likizo ya Desemba nikatandika mkeka mkubwa barazani, nikaweka kadi zote 312. Nilidhani nikishazigawa kwa maneno 23 mpangilio umekwisha. Haukuwa umekwisha. Nilichokuwa nacho ni kamusi: brashi, kambi, karani, kila neno na rundo lake. Mtu hawezi kusoma marundo. Nikarudi kwenye miaka, ikanishinda tena. Kuku akapita juu ya Posho. Mke wangu akauliza mkeka utarudi lini.

Aliyenitoa hapo ni mzee aliyekuwa msimamizi wa korona, aliyekuja kunisalimia akakuta nimepiga magoti kati ya kadi. Hakuzisoma, macho yake hayaoni vizuri. Alishika tu moja akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ya toroli. Akasema, "Basi iweke baada ya kukata. Jani likishakatwa halingoji." Akaondoka kwenda zake. Alikuwa anasema habari za kazi, hakuwa anasema habari za uandishi, lakini nilibaki nimeishika kadi ile. Jani linaanzia kitaluni. Linapandwa, linakaa miaka mitatu hivi, linakatwa, linafungwa mafungu ya majani 30, linapanda toroli, linaingia korona kabla halijanyauka, katani inaanikwa juani, inakwenda brashi, mashine ya kuisugua, inafungwa robota, yaani mizigo iliyobanwa, inapanda treni hadi bandarini Tanga. Kila mzee niliyemhoji alikuwa amesimama mahali fulani kwenye njia hiyo. Alisimama hapo miaka 10, miaka 20, na kila anachokijua anakijua kutokea hapo. Nikapanga mkeka kwa njia ya jani, kutoka mlangoni hadi ukutani. Nilimaliza kabla ya adhuhuri.

Hindorf alipata nafasi yake kitaluni, kadi moja, miche 62 pembeni ya mama aliyekuwa akipalilia miche elfu kwa siku. Amenyooka hapo kuliko alivyokuwa akitamba peke yake sura nzima. Kipande kikakaa kwenye kukata, mara moja tu, kimeelezwa kikamilifu. Tani zaidi ya 230,000 ambazo Tanganyika ilitoa mwaka 1964, na kushuka kwake hadi chini ya tani 40,000 miaka ya 1990, nikaziweka kwenye robota, ambako mzee mmoja alikumbuka siku waliyofunga robota moja tu halafu wakakaa.

Faida ambayo sikuitarajia ni kuona mashimo. Kwenye kukata nilikuwa na kadi 64, korona 51. Kwenye brashi kadi mbili, zote za watu waliopita nje wakasikia mashine. Katika kurasa zangu 41 za kwanza nisingeligundua kamwe, maana maneno yakiwa mengi yanafunika. Mkekani lilikuwa pengo la wazi, kama jino. Nikaulizauliza wiki mbili, nikapelekwa kwa mama mmoja huko Mombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaandika habari za mkonge. Mbona kila nikisikia ni korona, korona. Brashi hamtaki kuijua?"

Alizungumza saa moja na robo. Vumbi la katani, vitambaa walivyojifunga puani, jinsi walivyokuwa wakitoka humo weupe kama waliomwagiwa unga, watoto wakawakimbia. Akanipa kadi 17. Kama ningepanga kwa miaka, habari zake zingetawanyika sura tatu na nisingejua kama hazipo.

Jambo la mwisho nililojifunza kwenye mkeka ule lilinichukua muda kulikubali. Niliandika orodha ya sura kwa maneno makuu: 1. Kitalu. 2. Kukata. 3. Toroli. Nikaonyesha rafiki yangu anayefundisha Kiswahili. Akasema vichwa hivi havimdai mwandishi kitu. Akanitaka chini ya kila kimoja niandike sentensi kamili, yenye kitenzi, ya kile ninachotaka kusema. Nikaona mambo ya walimu wa Kiswahili. Nilipojaribu kwenye Posho nikaandika kwa haraka: "Posho ilimshika mtu shambani kuliko mkataba ulivyomshika." Nikafurahi, ni sentensi nzuri. Nikachukua kadi za posho kuithibitisha. Kumi na nne zikakubali. Tatu zikakataa: za wanaume waliomaliza mkataba wao, wakanunua baiskeli, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Nilikuwa nazo hizo kadi tatu miezi minane, lakini chini ya neno "Posho" peke yake zilikaa kimya pamoja na wenzake. Sentensi ndiyo iliyozigombanisha. Nikazisoma tena zote 17 na kuona kitu kilichokuwa wazi: wale watatu hawakuwa na wake wala watoto kambini. Sentensi ikawa: "Posho ilimshika mwenye familia, kapera aliondoka na baiskeli." Sura nzima ikageuka, na ninaamini ndiyo sura bora ya kijitabu.

Nilipeleka kadi darasani, Kidato cha Tatu, kwenye zoezi la ufupisho. Niliwasomea aya kuhusu soko la Korogwe, nikawaambia kila mtu aandike maneno makuu matano, yatoke kwenye aya yenyewe. Wanafunzi 43. Kumi na mmoja waliandika "changamoto". Neno hilo halikuwemo kwenye aya.

Kadi 28 hazikupata nafasi kwenye njia ya jani. Niliziweka kwenye boksi la chaki, na tatu nne hivi zimenijaribu sana niziingize kwa nguvu. Yule mke na fundi wa reli, kwa mfano. Nimeziacha humo.

Kuna pia kadi moja ambayo sikuiandika mimi. Babu hakutaka kuhojiwa. Aliniambia mambo ya kukata yaulizwe waliokata, naye alikata miaka 26. Baada ya maziko yake, baba alifungua sanduku la bati, akatoa kipande kimoja cha zamani, kimekunjika, kina kutu ya pini. Siku 23 zimewekwa alama. Saba hazina kitu. Nimeshawauliza wazee sita: aliumwa, alisafiri, aligombana na mnyapara, au lilikuwa shamba jingine akahama? Kila mmoja ana lake. Na kwa nini alikihifadhi hicho, akavitupa vingine vyote vilivyojaa?

Sijakiandikia neno kuu. Kwa sasa kimekaa nyuma ya kadi za brashi, kwa kuwa hizo nilizikata kubwa kidogo na ukubwa unalingana.